Ethanoli kutoka unga wa mahindi: mwongozo kamili wa kuvunja wanga kwa vimeng'enya, ukiwa Tanga

Wengi wanaotaka kutoa ethanoli kwenye mahindi hukimbilia mtambo: koili ya shaba, moto, chupa ya kupokelea. Lakini mavuno yanaamuliwa mapema zaidi, kwenye uji. Hamira haili wanga. Inakula sukari, tena sukari ndogo ndogo, na unga wa mahindi una sukari chache mno. Vinavyougeuza wanga kuwa sukari ni vimeng'enya (enzaimu), navyo vina masharti mawili yasiyo na mjadala, joto na uchachu. Ukiyashika, hata vifaa vya kawaida vitakutoa. Ukiyapuuza, utachachusha uji siku nne na kuambulia harufu ya siki.

Vipimo nitakavyotumia ni kilo 10 za sembe kwa lita 30 za maji. Kiasi hicho kinaenea kwenye sufuria ya shughuli ya lita 50, ile inayopikiwa pilau la harusi, na ni rahisi kukizidisha baadaye.

Anza na vibali

Kuchachusha ni jambo moja, kukeneka, yaani kuchemsha na kupoza mvuke ili kilevi kitengane na maji, ni jambo jingine. Pombe ya moshi bila leseni ni kosa la jinai Tanzania, na askari hatakuuliza kama ulikusudia kunywa au kuwashia jiko. Kwa hiyo hatua ya kukeneka, hata kama ethanoli yako ni ya jiko, ya kusafishia au ya kuyeyushia vanishi ya fundi seremala, isubiri makaratasi. Anzia ofisi ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, mkoani, hapo utaelekezwa njia. Utakutana na TRA kwa ushuru wa bidhaa, TBS kwa ubora, Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali kwa kuwa ethanoli ni kemikali, na Zimamoto kwa jengo lenyewe. Ni mzunguko mrefu, na nakushauri uupitie wote. Wakati makaratasi yanatembea, jifunze uji na uchachushaji, ambako ndiko kwenye ujuzi mwingi.

Na liwe wazi tangu mwanzo: ninachoeleza hapa si kinywaji.

Je, mahindi yanalipa?

Piga hesabu kabla hujanunua gunia. Sembe ina wanga wa karibu asilimia 73 ya uzito wake, kwa hiyo kilo 10 zina wanga kilo 7.3. Wanga ukivunjika hunywa maji kidogo na kuongezeka uzito, kilo 1 ikawa kilo 1.11 za glukosi, nasi tunapata glukosi kama kilo 8.1. Hamira hugeuza kila kilo ya glukosi kuwa gramu 511 za ethanoli na gramu 489 za kaboni dayoksaidi, na hapo hakuna ujanja wa kuzidisha. Jumla ni ethanoli kilo 4.1, sawa na lita 5.2. Hiyo ni hesabu ya ubaoni. Kazini, ukipata asilimia 85 ya hapo umefanya vizuri, maana yake lita 4.4. Kwa ufupi, lita moja ya ethanoli halisi inakula kilo mbili na robo za sembe, bado hujaweka gesi, vimeng'enya na muda wako.

Kwa bei ya unga mzuri wa dukani hesabu hiyo haisimami, na mimi nasema haifai isimame. Mahindi yanayoshuka kutoka Handeni na Kilindi ni ugali wa watu. Mahali ambapo mahindi yanaleta maana ni kwenye mabaki: unga uliomwagika mashineni ukafagiliwa, chenga zilizokataliwa, sembe iliyokaa stoo hadi ikaingia wadudu. Wenye mashine za kusaga mjini wanazo hizo kila wiki. Ukiwa karibu na kiwanda cha sukari na molasi ikapatikana kwa bei ya chini, chukua molasi, maana sukari yake iko tayari na haihitaji vimeng'enya vya wanga. Tanga mjini hatuko karibu hivyo, ndiyo maana naandika juu ya unga.

Sembe inashinda dona kwa kazi hii. Imekobolewa, kiini chenye mafuta kimetoka na pumba zimetoka, kwa hiyo wanga ni mwingi na machicha ni machache. Kasoro yake ni kwamba pamoja na kiini kimeondoka chakula cha hamira, hasa naitrojeni. Tutakirudisha baadaye.

Unga wenye ukungu uache kabisa. Sababu nitaieleza mwishoni.

Vitu vya kuwa navyo

Sufuria ya lita 50, mwiko mrefu, mizani, kipimajoto kinachofika nyuzi 110, karatasi za pH (kipimo cha uchachu, namba ikishuka uchachu unazidi) zenye mgawanyo mdogo wa kati ya 3 na 7, haidromita (kifaa kinachoelea cha kupimia uzito wa kimiminika, maji matupu yakiwa 1.000), pipa la plastiki la chakula lenye kifuniko cha kubana, mpira mwembamba na chupa ya maji. Kwenye duka la dawa nunua ayodini, ile ya kupaka vidonda. Hiyo itakuwa jicho lako.

Vimeng'enya ni viwili. Cha kwanza ni alfa-amilasi inayostahimili joto, hutolewa kwa bakteria wa jamii ya Bacillus. Inaukata mnyororo wa wanga katikati, ovyo ovyo, ukabaki vipande vifupi. Cha pili ni glukoamilasi, hutolewa kwa ukungu wa Aspergillus niger, nayo inakwenda kwenye ncha za vipande hivyo ikichomoa glukosi moja baada ya nyingine. Wauzaji wa kemikali za viwanda vya vyakula Dar es Salaam huagiza vyote viwili. Dozi fuata ya kwenye chupa, kwa sababu nguvu zinatofautiana sana. Kwa vile vya maji vilivyo vikali, mililita 1 ya kila kimoja kwa kilo ya unga inatosha na kubaki. Vihifadhi kwenye friji, maana joto la stoo ya Ngamiani mwezi wa Februari linavimaliza nguvu polepole bila wewe kujua.

Kwa asiyevipata kuna kimea. Mtu yeyote aliyewahi kutengeneza togwa ameshaiona amilasi kazini: uji mzito unapoa kidogo, unatiwa unga wa kimea cha ulezi, na baada ya muda umelegea na kuwa mtamu bila sukari ya dukani. Mwaka 1833 Wafaransa wawili, Anselme Payen na Jean-François Persoz, walikitenga kitu hicho kutoka kwenye kimea cha shayiri, lakini akina mama wetu walikuwa wanakitumia bila maabara. Loweka ulezi usiku mmoja, utandaze kwenye gunia bichi siku mbili hadi tatu uchipue, uanike jua kali, usage. Tumia kilo 1 hadi 1.5 kwa kilo 10 za sembe. Mtama nao unafaa, ila machipukizi yake yana sumu ya sianidi, kwa hiyo kama machicha yatakwenda kwa mifugo chagua ulezi. Kimea hakistahimili joto kama alfa-amilasi ya chupa: ukipita nyuzi 70 kinaanza kufa. Ivisha uji kwanza, uache ushuke hadi 65, ndipo ukitie, na ukishikilie hapo saa moja na nusu. Mavuno yatakuwa madogo kuliko ya glukoamilasi kwa sababu kuna vipande vya wanga ambavyo kimea kinaviacha.

Maji ya bomba ya Tanga, yanayotoka bwawa la Mabayani kwenye mto Zigi, yanafaa. Yateke jana yake uyaache wazi usiku kucha klorini itoke. Ya visima vya karibu na bahari yana chumvi, na chumvi inaibana hamira, kwa hiyo yaache kwa kazi ya kuosha na kupoozea.

Uji

Hapa usikimbie.

Mimina lita 25 za maji baridi kwenye sufuria, zile 5 ziweke pembeni. Pima pH. Alfa-amilasi inataka kati ya 5.5 na 6.5, na inapenda kuwe na kalsiamu kidogo, ambayo maji ya kawaida huwa nayo. Yakiwa juu ya 6.5 tia ndimu kidogo kidogo. Sasa nyunyiza unga huku mwenzako anakoroga, hadi lisibaki donge. Unga ukitiwa kwenye maji ya moto unajifunga madonge yenye unga mkavu ndani, na hakuna kimeng'enya kitakachoingia humo.

Tia theluthi ya dozi ya alfa-amilasi kabla hujawasha jiko. Kisha pandisha joto taratibu, bila kuacha kukoroga.

Kati ya nyuzi 62 na 72 chembe za wanga hunywa maji, zikavimba na kupasuka. Utaujua wakati huo kwa mkono: mwiko unakuwa mzito ghafla, uji unaanza kurusha mapovu mazito yanayounguza mikono, na chini unataka kushika. Watu wengi hupunguza unga tangu mwanzo kwa hofu ya hatua hii. Usipunguze. Ile theluthi uliyotia mwanzo inafanya kazi, na ukifika nyuzi 80 uzito unaanza kuachia. Fika 85, punguza moto, tia theluthi mbili zilizobaki. Mwiko uliokuwa umesimama wenyewe katikati ya sufuria utaanza kuinama, na ndani ya dakika chache unagonga ukingo. Ukiinua mwiko, kilichokuwa kinaanguka kwa mabonge sasa kinachuruzika.

Shikilia nyuzi 85 hadi 90 kwa saa moja na nusu, ukikoroga kila baada ya dakika chache. Wanga ambao haukupasuka hapa hautavunjika tena mbele ya safari.

Sasa ayodini. Chota kijiko cha uji, kimwage kwenye sahani nyeupe, na usubiri upoe kabisa. Hili nalisisitiza kwa sababu linadanganya wengi: rangi ya bluu ya wanga na ayodini hupotea kwenye joto, hivyo uji wa moto utaonekana umeiva hata kama ni mbichi kabisa. Ukishapoa, dondosha tone moja. Bluu iliyokaribia weusi maana yake wanga bado mzima, endelea kupika. Zambarau ni katikati. Wekundu wa kahawia ni vipande vifupi, na hapo unaweza kusonga mbele. Kama baada ya saa mbili bado ni bluu, sababu huwa ni moja kati ya tatu: kipimajoto kinaongopa, pH imekwenda pembeni, au kimeng'enya kimezeeka.

Kushusha hadi sukari

Zima jiko, mimina zile lita 5 za maji. Joto litashuka hadi karibu 77. Weka sufuria kwenye beseni kubwa la maji hadi ifike 60. Wakati inashuka, rekebisha uchachu, kwani glukoamilasi inataka pH kati ya 4 na 4.5. Maji ya ndimu au unga wa asidi ya sitriki vinatosha. Tia, koroga, pima, tia tena. Asidi ya betri usiiguse, ina madini ya risasi.

Kwenye nyuzi 60 tia glukoamilasi. Kuna njia mbili kuanzia hapa. Ya kwanza ni kushikilia 60 kwa saa nyingi hadi wanga wote uwe glukosi, kisha kupooza. Ya pili, ninayoipendelea, ni kushikilia saa moja tu, kupooza hadi 32, na kuacha kimeng'enya kiendelee ndani ya pipa huku hamira ikila. Kwenye 32 kinafanya kazi polepole kuliko kwenye 60, lakini nafuu iko hapo: sukari inatoka kidogo kidogo na hamira inaila inavyotoka. Ukiirundikia hamira sukari yote mara moja inakauka kwa ukali wake, na uji mtamu uliosimama usiku kucha bila hamira ni mwaliko kwa bakteria. Pia unaokoa gesi.

Ukipima kwa haidromita baada ya kuchuja kidogo na kupoza, sukari ikiwa imetoka yote utaona kama 1.085. Kwa njia ya pili utaona chini ya hapo, na ni sawa.

Pipa

Osha pipa, mwiko na mpira kwa maji ya moto na dawa ya klorini, suuza. Hamisha uji ukiwa nyuzi 32, uumimine kwa kuurusha kutoka juu ili uchukue hewa. Ndiyo mara pekee hewa inapohitajika, kwa kuwa hamira inaitumia kuzaana.

Hamira ya mkate ya unga inaweza, ingawa inachoka ikifika kilevi cha asilimia 10 hadi 12. Hamira ya viwanda vya pombe inakwenda mbele zaidi. Tumia gramu 40 kwa pipa hili. Iamshe kwanza kwenye vikombe viwili vya maji ya nyuzi 35 hadi 38 kwa robo saa, hadi itoe povu. Kwa chakula chake, chemsha vijiko viwili vingine vya hamira kwenye maji dakika 10 na uvimimine pipani. Hamira iliyokufa inalisha iliyo hai, na inarudisha ile naitrojeni iliyopotea kwenye kukoboa. Wengine wanatia mbolea ya yurea. Siishauri, kwa kuwa yurea na kilevi huzaa kemikali inayohusishwa na saratani, na huwezi kujua bidhaa au machicha yako yataishia mikononi mwa nani.

Funga kifuniko, toa mpira hadi kwenye chupa ya maji ili hewa itoke isiingie. Ndani ya saa kumi na mbili utasikia mapovu yakigonga bila kupumzika. Pipa hili moja litatoa karibu lita 1,900 za kaboni dayoksaidi kwa siku tatu. Ni nzito kuliko hewa, inalala sakafuni, na haina harufu. Usichachushie chumba unacholala, na usifunge madirisha.

Adui mkubwa wa Tanga ni joto. Hamira inafurahia 30 hadi 32, ikipita 35 inaanza kusumbuka. Wakati wa kaskazi, Januari hadi Machi, chumba chenyewe kimeshafika huko mchana, na uchachushaji unaongeza nyuzi kadhaa za kwake. Gunia bichi juu ya pipa ni ushauri unaofaa bara. Huku pwani hewa imejaa unyevu na gunia halikauki upesi kiasi cha kupooza vya kutosha. Lisimamishe pipa kwenye karai kubwa la maji na uyabadilishe asubuhi, mchana na jioni. Maji ya kisima cha chumvi yanafaa kwa hilo. Tia hamira jioni, ili saa za kasi zaidi ziangukie usiku. Kipindi cha kusi, Juni hadi Agosti, kazi ni nyepesi zaidi, na kwa anayeanza ningesema aanze hapo.

Baada ya saa 60 hadi 72 mapovu yanakata na haidromita inashuka hadi karibu 1.000 au chini kidogo. Tumia haidromita, usitumie rifraktomita, kile kifaa kinachopima sukari kwa mwanga, kwa sababu kilevi kinaipotosha. Fanya tena ayodini: ikibaki na rangi yake ya manjano ya kahawia, wanga umekwisha. Kilevi kitakuwa asilimia 11 hadi 12. Ukipata harufu ya siki na pH chini ya 3.8 huku haidromita iko 1.030, bakteria walikula kabla ya hamira. Pipa hilo usilikeneke, tafuta uchafu ulipoingilia.

Kukeneka, kwa wenye leseni

Ethanoli inachemka kwenye nyuzi 78.4, maji 100, na mtambo unatumia tofauti hiyo. Chungu cha kawaida mara ya kwanza kitakupa wastani wa asilimia 35 hadi 45. Mnara uliojazwa vipande vya chuma kisichoshika kutu, wenye kurudisha sehemu ya mvuke uliopoa, unakufikisha 90 na zaidi. Mwisho wa njia hiyo ni asilimia 95.6 kwa uzito. Hapo mvuke na kimiminika vinakuwa na mchanganyiko uleule, na maji yaliyobaki hutolewa kwa ziolaiti, madini yenye vitundu vinavyonyonya maji. Kwa jiko la ethanoli huhitaji kufika huko.

Chuja kwanza kwa kitambaa, la sivyo machicha yataungulia chini. Tumia shaba au chuma kisichoshika kutu. Rejeta ya gari haifai, ina risasi. Pasha kwa mvuke au umeme, kamwe si kwa moto wa wazi: ethanoli safi inatoa mvuke wa kushika moto kuanzia nyuzi 13 tu, na joto la kawaida la Tanga liko juu ya hapo. Mwali wake juani hauonekani vizuri. Weka karibu kizimamoto cha unga na maji mengi, kwani ethanoli inachanganyika na maji na kuzimika. Tundu la kutokea mvuke lisizibwe kwa sababu yoyote.

Kipimia kilevi kimetengenezwa kwa nyuzi 20. Ukipima kwenye 30 kitakusomea pointi 3 hadi 4 zaidi ya ukweli, na mteja atakugundua jiko lake likianza kutoa mwali dhaifu. Poza sampuli kwenye maji ya barafu hadi 20 ndipo usome.

Tia kichungu na rangi kabla haijatoka mlangoni, ili asitokee wa kuinywa, na chupa iwe na maandishi makubwa ya Kiswahili. Mwambie mnunuzi ana kwa ana: jiko lisijazwe likiwa la moto.

Machicha

Kilo 10 za sembe zinaacha machicha makavu ya kilo mbili na kitu, yenye protini ya mahindi na ya hamira. Kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, na mkoa huu unao wengi, hicho ni chakula kizuri kikichanganywa na majani na kulishwa ndani ya siku mbili kabla hakijaharibika. Maji ya moto yenye uchachu yasimwagwe mtaroni wala baharini. Yapoe, yatiwe chokaa, yaende kwenye mboji au mtambo wa bayogesi.

Hapa ndipo unga wenye ukungu unapoleta balaa. Sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu, haipandi na mvuke, kwa hiyo ethanoli itatoka safi na hutagundua kitu. Inabaki kwenye machicha, na kwa kuwa wanga umeondoka, inakolea mara kadhaa ya ilivyokuwa kwenye unga. Ng'ombe akiila, sehemu yake inatoka kwenye maziwa. Mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu Dodoma na Manyara. Mfugaji anayechukua ndoo kwako hana namna ya kuiona kwa macho, wewe ndiye uliyeuona unga kabla haujaingia sufuriani. Kama ulikuwa na ukungu, machicha yake yafukiwe.